Dim sum ukiwa Dodoma: hotelini, kwa Wachina wenyewe, au upande treni hadi Dar?

Nianze na jibu, sababu zifuate. Ukiwa Dodoma na unataka vitafunwa vya Kichina leo hii, tafuta mgahawa mdogo unaoendeshwa na Wachina wenyewe, agiza jiaozi (vifuko vya unga wa ngano vyenye nyama) na baozi (mikate ya mvuke yenye kijazo) zilizotengenezwa siku hiyo hiyo, na usihangaike na har gow, yaani vifuko vya kamba wa baharini, ya hotelini. Kama nia yako ni dim sum yenyewe, ile ya Kikantoni yenye kamba wa baharini ndani ya ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, basi ipange kwenye safari yako ya Dar. Kuna watu ambao ushauri huu hauwafai, nao nitawafikia.

Tangu Serikali ihamie huku na Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018, mji umejaa wageni, migahawa imeongezeka, na kampuni za ujenzi kutoka China zimeweka kambi pande zote. Chakula cha Kichina kikafuata. Sasa mtu anaona picha za vikapu vya mianzi kwenye simu, anakwenda sehemu ya kwanza yenye taa nyekundu mlangoni, analetewa vitu vitatu vilivyopasuka ubavu, analipa hela ya maana, na kuanzia siku hiyo anawaambia watu chakula cha Wachina hakina ladha. Hilo linaniuma kweli. Ni chakula kilichofikiriwa kwa umakini mkubwa, na mtu wa Makole au Nkuhungu ana haki ya kukionja kikiwa kwenye ubora wake.

Kwanza tujue tunachokitafuta

Dim sum ni chakula cha Wakantoni, watu wa kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, na miji mikubwa kwa jambo hili ni Guangzhou na Hong Kong iliyo jirani. Guangzhou ni ile ile ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo huifuata kuchukua mzigo, kwa hiyo wapo Watanzania wengi waliowahi kupita mbele ya nyumba za chai za kule bila kuingia. Watu wa Guangdong wakikualika kula dim sum wanakwambia twende tukanywe chai. Na ndivyo ilivyo: ni chai na vitafunwa, kama tunavyojua sisi, isipokuwa vitafunwa vyenyewe ni vya aina nyingi, vidogo, na vingi vimepikwa kwa mvuke. Huliwa asubuhi mpaka mchana, familia nzima ikiwa imezunguka meza moja, hasa Jumapili. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne, na kila mtu anachukua kimoja. Ndiyo maana ukienda peke yako utashiba kabla hujaonja hata robo ya vilivyopo.

Jiaozi na baozi, ambazo nimezitaja hapo juu, ni ndugu wa dim sum lakini si wa nyumba moja. Hizo ni za kaskazini, kwenye mikoa ya ngano. Unga wake ni mzito zaidi, nyama ni nyingi zaidi, na zinaliwa kama mlo wa kushiba. Mhudumu au hata menyu inaweza kuziita zote dim sum. Haidhuru, ilimradi wewe unayeagiza unajua tofauti, maana tofauti hiyo ndiyo inayoamua wapi uende.

Hotelini

Hoteli ina faida zake na sitazidharau. Unapajua, gari linapata pa kukaa, mhudumu anazungumza Kiswahili, menyu ina picha, na watoto wakikataa vya mvuke kuna wali wa kukaanga na kuku. Kama unamleta mkurugenzi au mgeni wa semina, hoteli haitakuaibisha kwa viti wala vyoo. Wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hata usiku utakuta jiko linafanya kazi kwa sababu wateja wapo.

Tatizo liko jikoni. Jiko la Kichina la hoteli zetu limezoea karai la moto mkali: kuku wa tamu-chachu, tambi, supu ya mahindi, mboga za kukaanga haraka. Hivyo wanavijua na vingine ni vizuri. Dim sum ni kazi nyingine kabisa. Katika migahawa ya Kikantoni yenyewe, wapishi wa dim sum huwa na kitengo chao, meza zao na bosi wao, kwa sababu anayejua karai si lazima ajue kukunja ngozi. Hoteli ya Dodoma haiwezi kuajiri kitengo kizima kwa ajili ya vikapu kumi kwa siku. Inachofanya ni kuagiza zilizogandishwa.

Zilizogandishwa zenyewe si mbaya. Zikitoka kwenye friji moja kwa moja hadi kwenye mvuke, bila kuyeyuka njiani, siu mai (vikombe vidogo vya nyama) au mkate wa mvuke unaweza kuwa mzuri tu. Inayoumia ni har gow. Ngozi yake haitengenezwi kwa unga wa kawaida. Hutengenezwa kwa wanga wa ngano, yaani unga uliokwisha kuondolewa ile sehemu inayovutika, ukachanganywa na wanga wa muhogo na kukandwa kwa maji yanayochemka. Ndiyo maana inang'aa na kupitisha mwanga. Lakini kwa kuwa haina kinachovutika ndani yake, haina pia kinachoishika ikipata msukosuko. Boksi likisafiri kutoka pwani, zaidi ya kilomita 400, likayeyuka kidogo mahali, likagandishwa tena, au umeme ukakatika usiku mmoja, ngozi inapata nyufa. Ukiipika inafunguka, maji ya kamba yanamwagika kwenye kikapu, na unachokula ni kamba mkavu aliyefunikwa na kitu kinachonata.

Kwa hiyo hotelini uliza swali moja tu: hizi mnatengeneza hapa au zinakuja zimegandishwa? Uliza kwa upole, maana mhudumu si mwenye kosa. Mmoja aliniinamia sikioni akaniambia, "Dada yangu, nisikufiche, hizo zinatoka Dar kwenye boksi. Chukua springi roli, mpishi anazikunja mwenyewe asubuhi." Nilichukua springi roli, na zilikuwa za kupasuka mdomoni. Wahudumu wa Dodoma wakiulizwa vizuri husema kweli, na neno lao ni la kuaminika kuliko menyu yote.

Kwa Wachina wenyewe

Migahawa hii haipo kwa ajili yetu, na ndiyo raha yake. Ipo kwa ajili ya wahandisi, madereva na mafundi waliokuja kujenga. Dodoma ina barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, ina uwanja wa ndege wa Msalato, na kazi zote hizo zimepewa kampuni za China. Watu hao wanakula mara tatu kwa siku na hawataki kudanganywa kuhusu chakula cha kwao. Utakuta geti, kibao chenye maandishi mekundu, ndani meza za duara zenye kioo cha kuzungusha katikati. Wengine wanapika ndani ya nyumba ya kawaida tu, sebule imegeuzwa kuwa ukumbi.

Wapishi niliowakuta si watu wa Guangdong. Wanatoka Henan, Shandong, Sichuan. Hata Taasisi ya Confucius, ile inayofundisha Kichina pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), iliyofunguliwa mwaka 2013, ilianzishwa kwa ushirikiano na chuo cha Zhengzhou, na Zhengzhou ndiyo mji mkuu wa Henan, mkoa unaolima ngano kwa wingi kuliko yote China. Kwa hiyo usitegemee kikapu cha kamba. Tegemea unga wa ngano, na hapo hawa watu hawana mpinzani mjini.

Ukipata nafasi ya kukaa karibu na mlango wa jiko, angalia mama anavyotengeneza jiaozi. Ana kijiti cha kusukumia kifupi, chembamba, kisichofanana na cha chapati. Mkono wa kushoto unazungusha kidonge cha unga, wa kulia unasukuma pembeni tu, unaishia karibu na katikati na kurudi. Baada ya mizunguko michache ana duara lenye kingo nyembamba na tumbo nene. Sababu ni kwamba kingo zitakunjwa zikawa mbili, zikiwa nene hazitaiva, na tumbo litabeba nyama yenye maji, likiwa jembamba litapasuka. Anaweka kijazo, anakunja nusu, anabana kwa vidole gumba viwili kwa mpigo mmoja, kitu kimekwisha na kinasimama chenyewe mezani. Kijazo nacho kina siri yake: nyama ya kusaga hukorogwa upande mmoja tu huku ikinyweshwa maji ya tangawizi na vitunguu majani kidogo kidogo hadi inate. Maji hayo ndiyo yanayogeuka mchuzi ndani ukiuma.

Zinapochemshwa, wengi bado hufuata njia ya zamani: maji yakifoka unamwaga kikombe cha maji baridi, yakifoka tena unamwaga tena, mara tatu, ili ndani paive bila ngozi kuvurugika. Zikija mezani chovya kwenye siki nyeusi yenye kitunguu saumu na mafuta ya pilipili. Mtu anayependa pilipili, na Dodoma tupo wengi, atasahau kachumbari.

Kasoro zipo. Menyu inaweza kuwa ya Kichina mwanzo mwisho. Sahani zimepimwa kwa kundi la watu sita. Moshi wa sigara wakati mwingine unatembea ukumbini. Nyama isiyotajwa jina huwa ya nguruwe, na hilo nitalirudia. Tena saa zao ni zao: baozi ni kitu cha asubuhi, ukifika saa tisa mchana utaambiwa hakuna kwa ishara ya mkono. Dawa ya lugha ni simu yako. Fungua picha ya unachotaka, muoneshe. Au angalia meza ya jirani, onesha kwa kiganja chote, tabasamu. Ukirudi mara ya pili watakukumbuka, na mara nyingi wanakuongezea kitu ambacho hukuagiza.

Treni

Reli ya kisasa, SGR, imebadilisha hesabu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatembea kati ya Dodoma na Dar, safari ya chini ya saa nne, wakati basi lilikuwa linakula siku nzima. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, yaani 62,000 kwenda na kurudi kabla hujashika kijiti. Sitamwambia mtu alipe hiyo kwa ajili ya kifungua kinywa. Ila kila mtu wa Dodoma ana sababu ya kwenda Dar: harusi, kliniki, mzigo, wazazi. Unganisha.

Kosa kubwa ni kupanda treni ya asubuhi ukitegemea kula dim sum siku hiyo hiyo. Utafika, utahangaika na foleni, utaingia mgahawani saa nane au tisa, na kwa kawaida wakati huo vikapu vizuri vimekwisha au jiko la mvuke limefungwa. Nenda jana yake. Lala kwa ndugu. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili uwe mezani saa nne. Dar ina Wachina wa muda mrefu na wa kila namna, kuanzia wafanyabiashara wa Kariakoo hadi familia za Masaki, Msasani na Mikocheni, na bahari iko hapo, kamba hasafiri. Piga simu kwanza uulize kama dim sum inauzwa kila siku au wikiendi tu, na kama kuna mpishi wake maalumu. Wakijibu kwamba mpishi yupo lakini Jumatatu anapumzika, hiyo ni dalili njema: maana yake kuna mtu, hakuna boksi.

Nenda na watu wanne. Kwa wawili vikapu vitano au sita vinatosha na mmefunga hesabu. Wanne mnaweza kufika kumi na kuonja karibu kila kitu kwa gharama ambayo kila mmoja anaimudu.

Kikapu kwa kikapu

*Har gow na jiaozi.* Har gow nzuri ina mikunjo saba au zaidi upande mmoja, rangi ya waridi ya kamba inaonekana kwa nje, na ukiinyanyua kwa vijiti haibaki imeshika karatasi chini. Ukiuma, kamba anakatika kwa sauti ndogo. Ni chakula cha ustadi na wepesi. Jiaozi ni ya shibe, ya nyama na kabichi ya Kichina, na inasamehe makosa ya mpishi. Dodoma chagua jiaozi, Dar chagua har gow. Hapa sina shaka hata kidogo.

*Siu mai.* Hii ni kikombe kidogo cha ngozi ya manjano kilicho wazi juu, ndani nyama ya nguruwe na kamba iliyokatwa kwa kisu badala ya kusagwa ikawa uji. Inavumilia friji kuliko har gow, kwa hiyo ukilazimika kula dim sum ya hotelini, anzia hapa. Ikiwa laini kama soseji, ni ya kiwandani.

*Char siu bao na baozi.* Vyote ni mikate ya mvuke yenye kijazo. Ya Kikantoni ni nyeupe sana, ina utamu, na kwa juu hupasuka yenyewe mara tatu kama ua, nyama ya nguruwe iliyochomwa kwa sosi ikichungulia. Ya kaskazini imefungwa kwa mikunjo juu, haina utamu, mchuzi wake ni wa nyama na vitunguu. Mimi napenda ya kaskazini, na watoto wote niliowahi kuwapelekea wanapenda ya Kikantoni kwa sababu ya ule utamu. Baozi mbili na chai ni kifungua kinywa kamili cha mtu anayekwenda kazini Mtumba.

*Miguu ya kuku.* Usiiruke. Sisi tunaila kwenye vijiwe vya jioni, kwa hiyo hakuna cha kuogopa, lakini njia yao ni ndefu ajabu: inakaangwa kwenye mafuta, inatumbukizwa kwenye maji baridi mpaka ngozi ivimbe, inachemshwa na viungo, kisha inapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Ngozi inakuwa laini, inachuruzika sosi, unaimung'unya na kutema mifupa kwenye sahani ndogo. Kuku hawana uhaba Dodoma, friji haihusiki sana, na kijazo cha kufichwa hakuna. Jikoni kwa Wachina wenyewe uliza kama wanaweza kuipika, hata kama haipo kwenye menyu.

*Cheung fun.* Karatasi za unga wa mchele zilizopikwa kwa mvuke, zikakunjwa na kamba au nyama ndani, zikamwagiwa sosi ya soya tamu. Lazima itoke jikoni sasa hivi, ikipoa inakuwa mpira. Dar tu.

*Keki ya figili.* Figili nyeupe iliyokunwa, ikachanganywa na unga wa mchele, ikapikwa kwa mvuke na kisha kukaangwa vipande. Inapendeza. Ujue tu kwamba ndani mara nyingi wanaweka soseji ya nguruwe na uduvi mkavu.

*Vya utamu.* Tati ya mayai, yaani kikombe kidogo cha unga kilichojazwa mayai matamu, ikiwa ya moto, ganda likivunjika tabaka kwa tabaka, ni kitu cha kumalizia mlo kwa furaha. Ikiwa baridi, iache. Halafu kuna vidonge vya unga wa mchele wa kunata, vimejazwa maharage mekundu matamu, vikaviringishwa kwenye ufuta na kukaangwa mpaka vivimbe. China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania, na ufuta unalimwa humu humu kanda ya kati, kwa hiyo ukitafuna kimoja huenda unatafuna zao la mkulima wa Manyoni au Kondoa. Vidonge hivi vinapatikana pia hotelini na huwa vinavumilika kwa sababu mafuta ya moto hufufua hata kilichogandishwa.

Ukikuta xiaolongbao, zile zenye supu ndani, hizo asili yake ni upande wa Shanghai. Supu huingizwa ikiwa imeganda kama jeli, mvuke unaiyeyusha. Usiitupie mdomoni nzima, utaungua kaakaa. Iweke kwenye kijiko, ng'ata tundu dogo, nyonya, ndipo ule.

Nguruwe, na wale ambao ushauri wangu hauwafai

Dodoma kitimoto inaliwa kwa amani na kuna wasomaji watakaofurahi kusikia kwamba nguruwe ndiyo nyama mama ya jiko hili. Lakini nusu ya marafiki zangu ni Waislamu, na ninawaambia wazi: kuagiza kikapu cha kamba hakutoshi. Har gow nyingi huchanganywa vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Ganda la tati kwa njia ya zamani hukandwa kwa mafuta hayo hayo. Nyama nyingi, hata ya kuku, hulowekwa kwa divai ya mchele. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: vikapu vinapangwa kimoja juu ya kingine, mvuke wa cha chini unapanda, na matone ya cha juu yanashuka. Mboga iliyoiva katikati ya vikapu vya nguruwe si mboga peke yake tena.

Kwa hiyo ndugu Muislamu asifuate ushauri wangu wa mwanzo. Kwake hoteli isiyopika nguruwe kabisa ni bora kuliko mgahawa wa Wachina wenye chakula kitamu zaidi, hata kama atakula springi roli za mboga na tambi badala ya vikapu. Akiwa Dar, aulize migahawa ya Waislamu wa China, wale wa tambi za ng'ombe za Lanzhou. Hawatakuwa na dim sum ya Kikantoni, ila wapo wanaotengeneza jiaozi za kondoo au ng'ombe, na hizo ni za kuridhisha.

Asiyekula nyama, au Mkristo aliye kwenye mfungo wa Kwaresima, naye ana mlango wake: jiaozi za mayai na majani membamba yenye harufu ya kitunguu saumu. Ni za kawaida kabisa kaskazini mwa China, si upendeleo wa pembeni. Mwenye mzio wa kamba au karanga asijaribu bahati yake mahali ambapo hawaelewani lugha na mpishi. Huyo aende hotelini, na aongee na mpishi mkuu.

Mwenye watoto wadogo wengi, au mwenye bajeti ya mwisho wa mwezi, afikirie nyumbani. Har gow usiijaribu, wanga wa ngano si wa kuupata kirahisi Soko la Majengo. Jiaozi zinawezekana kwa unga wa kawaida, maji, nyama ya kusaga, kabichi iliyotiwa chumvi na kukamuliwa, tangawizi na vitunguu majani. Watoto wanafunga, wewe unachemsha. Ukipika kwa mvuke kumbuka kwamba Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Maelekezo ya kwenye video za pwani yaongezee dakika moja au mbili. Zitakazobaki zipange kwenye sinia lenye unga bila kugusana, zigande, ndipo uzitie kwenye mfuko.

Chai na namna ya kuagiza

Chai yao haina maziwa wala sukari, na kwa dim sum hilo lina maana, kwa sababu ukali wake unaosha mafuta mdomoni. Pu-erh ni nyeusi na nzito, inafaa na nyama. Ya yasmini au ya maua ya krisanthemamu inamfaa anayeanza. Birika likiisha maji, acha kifuniko kikiwa wazi nusu, mhudumu wa Kikantoni ataelewa. Mwenzako akikumiminia, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo shukrani yao, na unaweza kufanya hivyo bila kukata maongezi.

Anza na vya mvuke vyepesi, fuata vya nyama, kisha vya kukaanga, malizia vya utamu. Usiagize vyote kwa mara moja, maana vitapoa huku mnakula. Vikapu vitatu, mkikaribia kumaliza vingine viwili.

Kama mgeni wako anafika Dodoma wakati wa Bunge na amekwambia anataka dim sum, piga simu hotelini siku moja kabla na uulize swali lile la boksi. Jibu likiwa boksi, weka oda ya jiaozi hamsini kwa Wachina wenyewe kabla ya saa nne asubuhi, taja nyama unayotaka, na mwambie mgeni wako mtakula saa sita kamili. Ukifika saa saba wahandisi watakuwa wameshamaliza.